Kabla ya Koo, Uliza Tumbo

Msimu wa karafuu ukipamba moto, vyumba vya upasuaji vya Pemba hupata wageni wake. Mchumaji kapanda mkarafuu uliopandwa na babu yake, tawi limekatika, na ndugu zake wamemtoa shambani kwa gari ya ng'ombe mpaka barabarani, kisha hospitali. Mkono umevunjika na mfupa unachungulia nje. Daktari wa upasuaji ananawa. Wewe, mtoa usingizi, umesimama kichwani kwa mgonjwa, na mbele yako pana sinia: barakoa ya uso, vinyago vya koo vya namba tatu na nne, i-gel mbili, tyubu za saizi mbalimbali, na laringoskopu ambayo betri zake unaziombea dua. Kila kimoja katika hivyo ni kizuri mahali pake. Kazi yako ni kujua kama hapa ndipo mahali pake.

Haya nawaandikia wenzangu wanaopangiwa kazi Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki usingizi hutolewa na muuguzi au ofisa wa kliniki aliyesomea kazi hiyo, mara nyingi akiwa peke yake, na vitabu alivyosomea viliandikwa kwa ajili ya mahali ambapo ukipiga simu mwenzako anaingia mlangoni baada ya dakika mbili. Kwetu mwenzako pengine yuko ng'ambo ya bahari. Hilo hubadilisha uchaguzi wa kifaa kuliko maelezo yoyote ya mtengenezaji.

Nianze na kifaa kisichomo kwenye sinia: koo la mgonjwa aliye macho. Linajilinda lenyewe, halihitaji umeme, wala halitelezi. Ngiri, busha, mguu uliovunjika, na upasuaji wa uzazi kwa mama asiye na sababu ya kuukataa mgongo, vyote huenda kwa ganzi ya mgongo, mbinu ambayo Mjerumani August Bier aliijaribu tangu 1898. Kijana anayetoka chuoni akiwa na hamu ya kuonyesha ustadi wa laringoskopu huona ganzi ya mgongo ni kazi ndogo. Si ndogo. Nusukaputi uliyoiepuka haijawahi kumnyima mtu pumzi.

Lakini mgongo nao una mipaka yake. Damu inamwagika, utumbo umetoboka kwa homa ya matumbo, mama ana kifafa cha mimba na hana fahamu, au kazi yenyewe iko shingoni. Hapo ndipo sinia linapoanza kukuuliza maswali.

"Sijala"

Ukimuuliza Mpemba "umekula?" atakujibu "sijala", na hatakuwa amesema uongo. Kula ni wali, au muhogo na mchuzi wa samaki. Kikombe cha chai ya maziwa na kipande cha boflo alichopewa na shangazi yake njiani ili asizimie hakimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo usiulize kula. Msalimie, keti, kisha uliza: "Bi mkubwa, kitu gani cha mwisho kimepita kooni, na ilikuwa saa ngapi?" Halafu muulize aliyemleta, pembeni. Majibu mawili yakitofautiana, lichukue lile linalokutia hofu.

Kanuni yenyewe ni fupi: saa sita baada ya chakula, saa mbili baada ya maji matupu au chai ya rangi. Maziwa ni chakula. Chakula kizito chenye mafuta mpe saa nane. Mwezi wa Ramadhani hesabu hii huwateleza wengi, kwa sababu mgonjwa anakwambia amefunga na wewe unasikia tumbo tupu. Aliyekula daku saa kumi na nusu alfajiri anatimiza saa sita ifikapo saa nne na nusu asubuhi, na daku la watu wetu si uji mwepesi. Ukimlaza mezani saa tatu, umemlaza na daku lake.

Kwa aliyeumia kuna mtego mwingine. Maumivu na hofu husimamisha tumbo. Mchumaji wetu alikunywa chai na mihogo saa moja, akaanguka saa mbili, akafika kwako saa tisa alasiri. Usihesabu saa nane. Hesabu saa moja, ile kati ya mlo na ajali, kwa sababu baada ya hapo tumbo huenda halikumwaga kitu. Mjamzito kuanzia miezi ya kati, mwenye ngiri iliyokaba, mwenye utumbo ulioziba, anayetapika, mwenye kisukari cha miaka mingi: wote hao uwatendee kama watu waliotoka kwenye walima sasa hivi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuliamini neno "sijala" katika hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa. Mzee wa makamo, uvimbe mdogo begani, kazi ya nusu saa, i-gel ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Dakika ya kumi na tano maji ya rangi ya chai yakapanda katika tundu la pembeni la i-gel. Tundu hilo ndilo lililonionyesha. Tukashusha kichwa cha meza, tukamgeuza ubavu, tukafyonza, nikafungua oksijeni yote, nikazamisha usingizi na kupitisha tyubu. Alipona. Baadaye mkewe alinieleza kwa upole kabisa kwamba asubuhi alikunywa chai tu, na mkate wa kumimina.

Barakoa na kinyago

Barakoa ya uso ndiyo ya kwanza kujifunza na ya mwisho kusahauliwa. Vifaa vingine vyote vikigoma, ndiyo itakayomshikilia mgonjwa. Kwa usingizi wa dakika chache, tumbo tupu, inatosha peke yake pamoja na kile kipira cha mdomoni alichokibuni Arthur Guedel wa Marekani mwaka 1933. Kipime usoni kwa mgonjwa: kitoke kwenye meno ya mbele kifike pembe ya taya. Kifupi husukuma ulimi nyuma, na kirefu hukandamiza kifuniko cha zoloto.

Wanaosumbua barakoa wanajulikana: mnene, anayekoroma, aliyepita miaka 55, asiye na meno, na mwenye ndevu. Ndevu za Sunna hazinyolewi kwa ajili ya barakoa yako bila ruhusa ya mwenyewe, na kwa kazi ya kupangwa hakuna haja ya kufika huko. Zipake vaselini zilale, shika barakoa kwa mikono miwili, gumba juu na vidole vingine vikiinua taya, mwenzako abane mfuko. Asiye na meno mashavu yake huingia ndani na hewa hutoroka pembeni. Afadhali hao wawili uwapeleke moja kwa moja kwenye kinyago cha koo, maana chenyewe hakijali ndevu wala mashavu.

Kinyago cha koo, kile kazini tunachokiita LMA, kilibuniwa na daktari Mwingereza Archie Brain mwaka 1981 jijini London, kikaanza kuuzwa Uingereza 1988. Hakiingii kwenye koo la hewa. Kinakaa juu ya zoloto kama bakuli lililofunikwa juu ya mdomo wa chupa. Hilo ndilo zuri lake na ndilo baya lake. Zuri, kwa sababu hakigusi nyuzi za sauti: wagonjwa waliotumia kinyago hukohoa kidogo tu wanapoamka na hupata koo kavu na sauti ya kukwama mara chache kuliko waliopitishwa tyubu. Kwa mwadhini au mwalimu wa chuo anayesomesha watoto kutwa hilo si jambo dogo. Baya, kwa sababu bakuli si kizibo. Kinachopanda kutoka tumboni kinaweza kulipita.

Ubishi wa siku nyingi katika vyumba vyetu ni kati ya wazee wa tyubu na vijana wa kinyago. Ukaguzi mkubwa wa kitaifa uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika nusukaputi karibu milioni 2.9 za mwaka mmoja, asilimia 56 zilitumia vinyago vya koo, 38 tyubu, na 5 barakoa peke yake. Kwa hiyo kinyago si kifaa cha wavivu. Lakini ukaguzi huohuo ulikuta kuwa katika vifo vya njia ya hewa vilivyohusu usingizi, sababu iliyoongoza ilikuwa matapishi kuingia mapafuni, na mara nyingi dalili za hatari zilikuwepo kabla na mtoa usingizi akachagua kinyago hata hivyo. Nadhani pande zote mbili za ubishi zingeusoma ukaguzi huo zingepunguza sauti.

Tofauti za vinyago vyenyewe zinahitaji kujulikana. LMA ya mwanzo ina bakuli tu, na huvuja ukisukuma hewa kwa nguvu inayozidi kiasi cha sentimita 20 za maji. Kizazi cha pili, kama ProSeal na i-gel, kina tundu la pili linaloshuka hadi mlango wa umio, hubana vizuri zaidi, na hukupa nafasi ya kupitisha mpira wa kufyonza tumbo. I-gel, kazi ya daktari Muhammed Nasir iliyoingia sokoni 2007, haina puto la kujaza. Imefinyangwa kwa umbo la koo lenyewe. Kwa mtu anayejifunza na kwa dharura, hiyo ndiyo ningeiweka mkononi: inaingia upesi na ina hatua chache za kukosea. Namba 3 ni ya kilo 30 hadi 60, namba 4 kilo 50 hadi 90, namba 5 kuanzia 90. LMA ya kawaida huenda namba 3 kwa kilo 30 hadi 50, namba 4 kwa 50 hadi 70, namba 5 kwa 70 hadi 100. Ukisita kati ya mbili, kubwa ndiyo huziba vizuri zaidi mara nyingi. Tundu la pili, hata hivyo, ni dirisha na mfereji. Lisikupe ushujaa wa kumlaza mtu aliyeshiba.

Kukiingiza, mgonjwa alale usingizi wa kutosha. Kinyago hupenda propofoli. Ukitumia thayopentoni au ketamini peke yake, koo hubaki macho, mate hujaa, na zoloto linaweza kujifunga ghafla. Paka mafuta ya maji mgongoni mwa bakuli, si tumboni mwake. Nyanyua kichwa kidogo, inua kidevu, na kiteleze kifaa kikifuata kaakaa mpaka kikatae kwenda zaidi. Usisukume kukataa huko. Ukijaza puto la LMA, zile mililita 20 za namba 3, 30 za namba 4 na 40 za namba 5 ndizo kikomo. Nusu yake kwa kawaida hutosha, na mgandamizo usizidi sentimita 60 za maji. Puto lililojaa kama mpira wa miguu huvuja zaidi, na huacha ulimi umekufa ganzi.

Halafu suala la kurudia kutumia. I-gel imetengenezwa itumike mara moja. Najua zinaoshwa na kurudishwa, na najua sababu, lakini joto la otoklevu si rafiki wa plastiki ile. Kwa hospitali inayosubiri shehena kutoka Unguja, kwa maoni yangu kinyago cha silikoni cha kurudiwa bado ni mali: kimekusudiwa kutumika hadi mara 40, kikiwa na kadi yake ya kuhesabia. Kadi hizo hupotea wiki ya kwanza. Zifunge kwa uzi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini au magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji. Usikitie kwenye dawa kali ya glutaraldihaidi tunayotumia kwa vyombo vingine, kwa sababu silikoni huinywa na kumuunguza mgonjwa wa kesho. Na kabla ya otoklevu, toa hewa yote kwenye puto. Tone la maji au hewa iliyobaki hupanuka kwa joto na kulipasua.

Tyubu na sirinji

Tumbo likiwa limejaa, kazi ikiwa ndefu, mgonjwa akilala kifudifudi, tumbo likifunguliwa, au ukitarajia kumvusha bahari baadaye, ni tyubu. Kwa mwanamke 7.0 au 7.5, kwa mwanamume 8.0, na nusu saizi chini yake iwe imefunguliwa pembeni. Kwenye meno isome kiasi cha sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume. Puto lake likae kati ya sentimita 20 na 30 za maji.

Nitakaa zaidi kwenye matayarisho kuliko kwenye kupitisha, kwa sababu mengi yanayoharibika huharibikia huko. Mpe oksijeni kwa barakoa iliyobana kwa dakika tatu kamili, kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Mgonjwa mnene mpandishe kwa mashuka yaliyokunjwa mpaka tundu la sikio lilingane na juu ya kifua chake, kisha inua kichwa cha meza. Mashine ya kufyonza iwe inanguruma chini ya mto kabla hajalala. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, na ulileta afueni kubwa, lakini mashine ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu isitupwe stoo. Na uulize suksamethoni ililala wapi jana. Dawa hiyo inataka friji, na chupa iliyoshinda kwenye joto hupungua nguvu: mgonjwa atalegea nusu, meno yatabana nusu, nawe utailaumu laringoskopu.

Kubana gegedu la shingoni, mbinu aliyoieleza daktari Sellick mwaka 1961, wengine wameshaiacha. Mimi bado humwomba msaidizi abane kwa aliyeshiba, kwa sharti moja: nikisema "achia", aachie hapohapo, bila kuuliza. Mkono uliobana vibaya huficha zoloto.

Tyubu imepita. Iko wapi? Mashine inayoonyesha kabonidayoksaidi ya pumzi, kapnografi, ndiyo hakimu. Mawimbi yakija na kuendelea kuja pumzi baada ya pumzi, uko kwenye koo la hewa. Mstari ukilala, tyubu iko mahali pabaya mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama uliiona kwa macho yako ikipita. Usiipe oksimita kazi hii. Mgonjwa uliyemjaza oksijeni anaweza kubaki na namba nzuri kwa dakika kadhaa huku tyubu iko kwenye umio, na namba ikianza kushuka umeshachelewa.

Kama kapnografi haipo au imekufa, kuna sirinji. Chukua sirinji kubwa ya mililita 50 au 60, iunganishe na mdomo wa tyubu ambayo hujaanza kusukuma hewa, na uvute kwa haraka. Koo la hewa lina pete za gegedu, halinywei, kwa hiyo hewa inakuja bila ubishi. Umio ni kama soksi, hujikunja na kuizuia sirinji. Mbinu hii ilianza kuandikwa miaka ya 1980, bei yake ni ya sirinji, na sijui kwa nini haimo kwenye kila sinia. Ina udhaifu: kwa mjamzito, mnene sana na mtoto mdogo inaweza kudanganya. Sikiliza pia kifua pande zote mbili na juu ya tumbo, lakini masikio hudanganyika kuliko sirinji.

Kuhusu oksimita, nina neno kwa kina bibi harusi. Piko nyeusi kwenye kucha huweza kuikosesha kusoma au kuifanya isome uongo. Hina nyekundu haisumbui sana. Jaribu sikio, au kidole kisichopambwa, kabla ya kumlaza. Usianze usingizi na oksimita inayotafutatafuta kwa matumaini kwamba itatulia.

Laringoskopu zenye kamera zimeanza kuenea duniani. Mapitio ya tafiti 222 zenye watu 26,149, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha kuwa zinapunguza kushindwa kupitisha tyubu ukilinganisha na upanga wa kawaida wa Macintosh uliobuniwa 1943. Ukipewa moja, itumie kila siku kwa wagonjwa wepesi ili mkono uizoee, na chaji yake iwe zamu ya mtu anayejulikana kwa jina. Ukikosa, buji inakaribia kukupa msaada uleule kwa bei ndogo: ule ufito laini unaopita chini ya kifuniko cha zoloto hata usipoona nyuzi za sauti, ukahisi pete za koo la hewa zikigonga tak-tak-tak chini ya vidole, kisha tyubu ikateremka juu yake.

Kikigoma

Kabla ya dawa yoyote kuingia mshipani, sema kwa sauti, wote chumbani wakisikia: kwanza nitafanya hivi, kikigoma nitafanya vile, na hicho nacho kikigoma tutafanya hivi. Daktari wa upasuaji atakuona unajitangaza. Mwache aone.

Mwongozo wa Waingereza wa 2015 uliruhusu majaribio matatu ya laringoskopu, na la nne kwa mkono ulio bora kuliko wako. Kwetu mkono ulio bora unaweza kuwa Unguja, kwa hiyo mimi husimamia mawili, au matatu ikiwa kila mara nimebadilisha kitu: mkao, upanga, buji. Kurudia jambo lilelile kwa nguvu zaidi huvimbisha koo, na koo lililovimba hukataa hata barakoa. Katikati ya majaribio mpe oksijeni. Kisha i-gel. Ikikaa na kifua kikapanda, simama ufikiri. Kazi inayoweza kungoja ingoje, mwamshe. Mama anayevuja damu hawezi kungoja, na hapo kazi itaendelea juu ya i-gel kwa tahadhari, mtu mmoja macho yake yasitoke kwenye tundu la tumbo.

Barakoa ikigoma, kinyago kikigoma, tyubu ikigoma, na namba inashuka, limebaki shingo. Wembe wa upasuaji namba 10, buji, tyubu ya 6.0. Chana utando ulio chini tu ya kikoromeo, ingiza buji, teremsha tyubu. Vitu hivyo vitatu vitie kwenye mfuko mmoja mwangavu, uubandike ukutani kwa plasta juu ya mashine, na kila Jumatatu uuangalie kama buji haijaazimwa.

Wapo wagonjwa ambao hutakiwi kufika nao huko. Mwenye rovu kubwa anayepumua kwa mlio akilala chali, mwenye jipu la jino lililovimbisha sakafu ya mdomo na kuinua ulimi, mwenye kovu la moto lililofunga kidevu na kifua, asiyeweza kufungua mdomo kwa upana wa vidole vitatu. Usiwalaze wakiwa katika hali hiyo kwa sababu tu orodha ya siku imewapanga. Ketamini si njia ya mkato hapa. Akiwa anapumua mwenyewe, ameketi, muda bado upo wa kupiga simu hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

Na ukimpeleka, hesabu oksijeni kabla ya kuhesabu nauli. Silinda ndogo ya lita 340, kwa lita 10 kila dakika, inakwisha kwa dakika 34. Iliyo kubwa kuliko hiyo, ya lita 680, inakupa dakika 68. Kutoka Mkoani hadi Unguja boti haivuki kwa dakika 68, achilia mbali kusubiri gatini na gari ya upande wa pili. Zidisha mara mbili muda unaoutarajia, halafu ndiyo upakie. Mgonjwa asiye na fahamu asivushwe kwa kinyago. Apite bahari na tyubu iliyofungwa kwa kamba, si plasta peke yake, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi huibandua. Beba mfuko wa Ambu na barakoa yake hata kama una mashine. Kama ni ndege kutoka Chake Chake, kumbuka hewa hupanuka juu: angalia puto la tyubu baada ya kupaa, na tena baada ya kutua.

Mchumaji wetu wa karafuu alipata tyubu namba 8. Aliamka akiwa kalala ubavu, akafyonzwa, akafungua macho na kubana mkono nilipomwambia abane, ndipo ikatoka. Koo lake lilikuwa gumu: kwa laringoskopu niliona ncha ya kifuniko tu, na buji ndiyo iliyonivusha. Mambo hayo nimeyaandika kwenye kadi ngumu kwa Kiswahili cha kusomeka, herufi kubwa: nilichokiona, saizi ya tyubu, kwamba barakoa ilishika vizuri, kwamba buji ilihitajika. Nikampa mkononi, si kwenye faili. Nikamwambia aiweke pamoja na kitambulisho chake cha Mzanzibari, na mtu yeyote atakayetaka kumlaza tena, Pemba, Unguja au Dar es Salaam, amwonyeshe kabla hajavua shati.